Nyangumi wa Bibi Nyangi

Regina, uko? Soma hii.

Nimemwambia Bibi Nyangi kwamba Julai tunakwenda Pwani kuona nyangumi. Amenikamata mkono. "Usiende. Watakukamua damu."

Nani atanikamua?

Kumbe ni mambo ya mwaka 1956, kijijini kwao Machochwe. Bibi alikuwa binti, Kiswahili anakiokoteza. Mwalimu wa misheni akaja nyumbani kumwandikisha kaka yake, Benedicto, safari ya Pwani wakati wa baridi. Akasema wataona nyangumi. Bibi akasikia mumiani, wale wanyonya damu waliotisha nchi nzima.

Mumiani, Regina.

Na kila alichosikia baada ya hapo kilizidi kumgandisha. Mwalimu akasema akikamatwa, yaani nyangumi, mafuta yake yanajaza mapipa. Kisha akatoa futikamba, akampima Benedicto mabega. Kilikuwa kipimo cha sweta ya safari. Bibi akajua ni cha jeneza.

Akamficha kaka yake ndani ya kihenge cha ulezi mpaka lori likaondoka. Waliokwenda walirudi wote. Bibi akasema wamebahatika tu.

Sasa nimemwonyesha nyangumi kwenye simu. Amemtazama muda mrefu. "Huyu si samaki?"

Ni kama samaki, Bibi.

Akanirudishia simu. Halafu akasema, "Benedicto amekufa hajaiona bahari. Mpaka siku ya mwisho alikuwa ananishukuru."

Amejifungia chumbani. Namsikia nikiwa mlangoni, anauliza akifika huko kwa Benedicto atamwambia nini.