Fyuzi ya Honi

JESHI LA POLISI
KITUO CHA POLISI LUSHOTO

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sefania Shemndolwa
Umri: Miaka 72
Kazi: Mwalimu mstaafu wa ufundi
Dini: Mkristo, Mlutheri
Makazi: Mlola, Wilaya ya Lushoto
Tarehe ya kuandikwa: 8 Novemba 1977

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naumwa mapafu, na daktari hakunificha kitu. Naongea kwa shida lakini akili yangu ni timamu. Nimemwomba afande aandike polepole ili nipate nafasi ya kuvuta pumzi.

Nimekuja kwa ajili ya ajali ya lori la kijiji chetu, iliyotokea mwaka 1971 kwenye kona ya Jiwe Refu na kumuua mama mmoja, Mariamu binti Omari. Aliyefungwa kwa ajali hiyo ni Rajabu Singano. Rajabu hakuwa na kosa. Nilijua hivyo siku ile ile, na nilijua hivyo siku nilipoapa mahakamani.

Mnamo mwezi Juni mwaka huo, Kornelio, aliyemwoa binti yangu Secilia na ambaye ndiye dereva wa lori la kijiji, alikuja nyumbani kwangu. Lori ni Bedford, kuukuu. Kijiji kilikuwa kimelipata mwaka uliotangulia, na hatukuwa na mali nyingine ya pamoja iliyokuwa inatembea. Likipakia kabichi lilikuwa linashindwa milima. Kornelio aliniambia, "Baba, lori hili linapumua kwa pua moja. Tulifungulie ya pili." Nilicheka. Nilielewa anachotaka. Magari ya walowezi wa zamani yalikuwa na kilango kwenye bomba la moshi, mbele ya sailensa. Dereva akipanda mlima alikifungua kwa kamba, moshi ukatoka moja kwa moja, injini ikapata nguvu. Ila kelele yake ni kubwa mno.

Nilimwambia kamba ni mambo ya kale, nitamfungia cha umeme. Nilitoboa bomba, nikachomelea kipande kifupi cha bomba chenye bamba la chuma linalozunguka kwenye pini, na bamba hilo nikalifunga kwenye mota ya waipa iliyotoka kwenye gari bovu. Kwenye dashibodi niliweka swichi. Juu kufungua, chini kufunga. Kazi ile ilikuwa nzuri kuitazama. Wazee wa kijiji walikuja kuibonyeza mmoja mmoja, na mmoja wao alisema, "Mwalimu, sasa limebaki kuruka tu."

Kosa langu lilikuwa kwenye waya. Waya wakati ule ulikuwa haupatikani madukani, nami nilikuwa na kipande kimoja tu. Hakikutosha kufika kwenye betri, ambako ningeweka fyuzi ya peke yake. Kilifika kwenye fyuzi ya honi. Nikaunganisha hapo. Nilijiambia kwamba honi hupigwa mara moja moja, na kilango hufunguliwa mara moja moja, kwa hiyo viwili hivyo havitagombana. Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha watoto kwamba kila chombo kiwe na fyuzi yake. Mwanafunzi angeniletea kazi kama ile ningempa sifuri.

Afande ameniuliza kama nilimweleza Kornelio jambo hilo. Sikumweleza. Nilimwambia neno moja tu, asikifunge kilango bomba likiwa la moto, kwa sababu chuma cha moto huvimba na bamba linaweza kukwama. Alilishika. Alikuwa anakifungua akitoka Mlola na kukifunga akisha kufika Lushoto, lori likiwa limepoa.

Mnamo tarehe 14 Agosti 1971, siku ya Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye msiba wa jirani, nyumba iliyo kando ya barabara, juu kidogo ya kona ya Jiwe Refu. Wanawake walikuwa ndani wanaimba. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi. Nikasikia lori linapanda kwa kishindo kutoka upande wa Mlola. Mlima wa upande huo huishia kwenye nyumba ile, na kutoka hapo barabara hushuka mpaka kwenye kona. Kwetu mtu hapiti kwenye msiba kwa kelele, hata baiskeli hushukwa ikakokotwa. Lori lilipofika mbele ya nyumba, kishindo kikakatika ghafla. Kornelio alikuwa amefunga kilango kwa heshima ya marehemu. Akapita taratibu, akavua kofia. Mzee aliyekuwa karibu nami alisema, "Mkwe wako ana adabu." Nilifurahi. Baada ya furaha ndipo nikakumbuka kwamba bomba lilikuwa la moto.

Barabara ile ni nyembamba na upande mmoja ni korongo. Desturi yetu ni kwamba anayeshuka hupiga honi kabla ya kona, na anayepanda akiisikia husimama mahali pa kupishania. Asiposikia kitu, hupita. Kila dereva wa huku anaijua.

Nilisikiliza honi. Nasema mbele ya Mungu kwamba niligeuza kichwa ili niisikie. Haikulia. Nikasikia breki, kisha bati.

Nilikwenda nikikimbia, na wengine nyuma yangu. Lori lilikuwa limesimama limeukumbatia ukuta wa mlima. Landrova ya abiria ya Rajabu ilikuwa chini, kwenye shamba la mahindi, ubavu juu. Kornelio alikuwa ameshuka. Aliniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kwamba amebonyeza honi mara mbili nayo haikulia.

Nilimjibu, "Imelia."

Akasema, "Baba, haikulia."

Nikamwambia, "Kornelio, nisikilize mimi. Honi imelia, na mwenzako hakusimama. Sema hivyo, na usiongeze neno."

Watu wote walishuka shambani kuwatoa majeruhi. Mimi sikushuka. Nilifungua boneti. Bamba lilikuwa limekwama likikaribia kufunga, mota imeng'ang'ana, na fyuzi ya honi imeungua. Nilikata waya wa kilango, nikang'oa fyuzi ya taa kubwa, nikaiweka mahali pa fyuzi ya honi. Ilikuwa mchana, na taa hazikuwa na shughuli. Nilipokuwa nafanya hivyo nilimsikia Mariamu akiomba maji. Alikuwa mchuuzi wa ndizi, tukinunua kwake. Sauti yake niliitambua. Nilimaliza kukaza skrubu kwanza. Nilipofika chini alikuwa ameshafunikwa kanga.

Mkaguzi wa magari alikuja alasiri. Alibonyeza honi, ikalia. Aliuliza ile mota ni ya nini. Nikamwambia ni jaribio langu ambalo halikufanya kazi. Aliniamini kwa sababu mimi ni mwalimu.

Mahakamani niliitwa kama fundi. Nilishika Biblia, nikasema honi ya lori ilikuwa nzima na kwamba niliisikia kwa masikio yangu nikiwa msibani. Rajabu alikuwa kizimbani kwa magongo. Alisema hakusikia honi. Hakimu akamuuliza, "Mwalimu aliyekuwa mbali amesikia, wewe uliyekuwa karibu hukusikia?" Rajabu alinitazama. Nilimfundisha huyo kijana kusoma. Akasema, "Kama mwalimu amesikia, basi ililia." Alifungwa miaka miwili na leseni yake ikafutwa.

Nilijipa sababu nyingi. Nilisema lori ni la kijiji kizima. Nilisema binti yangu ana watoto wadogo. Hizo zilikuwa kweli, lakini sababu niliyoificha hata kwangu mwenyewe ni kwamba sikutaka mtu yeyote aione ile kazi ya waya.

Wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, Rajabu alikuja kunijulia hali. Siku hizi anaishi Muheza, anauza machungwa. Alipanda mlima na kapu zima. Mke wangu Yudith alimkaribisha kiti karibu na kitanda. Akasema, "Shikamoo mwalimu," nikaitika marahaba. Yudith akamuuliza habari za safari. Yeye akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema, "Sema kwa nguvu, mama. Masikio yangu haya ni pambo tu."

Nilimuuliza masikio yana nini. Akacheka. "Si unajua, mwalimu. Honi ya lori zima yalishindwa kuisikia. Tangu siku ile siyaamini. Mteja akisema mbili namwambia rudia. Mke wangu anasema ameolewa na gogo." Akasema alikwenda hospitali, daktari akampima na kumwambia masikio ni mazima. Hakumwamini daktari. Alisema, "Daktari hakuwapo Jiwe Refu. Wewe ulikuwapo."

Nilimwomba Yudith atoke. Kisha nikamweleza Rajabu yote niliyomweleza afande hapa. Sikuwa na pumzi ya kupaza sauti, nilinong'ona. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia, tangu waya mpaka Biblia. Akasema, "Nilikusikia mara ya kwanza, mwalimu. Nilitaka useme tena."

Nilianza kumwomba radhi. Akainuka. Alisema, "Mimi usiniombe hapa kitandani, hapa tuko wawili. Nenda ukaseme pale ulipoapa." Hakunywa chai. Machungwa aliyaacha.

Nilimwambia binti yangu kwamba nitakuja kituoni. Secilia alipiga magoti, akasema, "Baba, wewe unaondoka. Sisi tunabaki. Wanangu nitawaambia nini, na watakula nini baba yao akifungwa?" Sijalala vizuri tangu hapo, na si kwa ugonjwa.

Leo asubuhi aliyenileta ni Kornelio, kwa sababu hakuna gari lingine. Tulipoingia mjini aliniuliza, "Baba, hospitali?" Nikasema, "Polisi." Tulipopita soko akauliza, "Utasema na yangu?" Nikamwambia, "Nitasema yangu, na humo ndani umo. Siwezi kukuruka." Akanibeba mgongoni kutoka kwenye lori mpaka mlangoni.

Kuhusu Kornelio naomba iandikwe hivi. Aliniambia ukweli pale pale barabarani, na mimi ndiye niliyemfundisha uongo. Alikuwa kijana, nami nilikuwa mkwe wake na mwalimu. Simsafishi, nasema nilivyoona.

Ombi langu ni moja. Maelezo haya yakifika kwa Rajabu asiletewe karatasi tu. Mtu amsomee, na amsomee kwa sauti ya kawaida. Asipaze.

Nimesema niliyokuja kusema, na hakuna aliyenilazimisha isipokuwa Rajabu, naye alikuwa na haki.

Sahihi: S. Shemndolwa

Maoni ya afisa mwandishi: Kabla ya kuanza nilimwonya shahidi kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alijibu kuwa ndiyo sababu amekuja. Nimemsomea maelezo yote, amesahihisha nahau mbili na tahajia ya neno "sailensa", kisha ametia sahihi kwa mkono wake. Nilipotoka nimwite dereva aje amchukue mgonjwa, nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, ufunguo wa lori ameuweka juu ya meza ya zamu. Amesema hataondoka, anataka na yeye aandikwe. Nimemwambia asubiri nichukue karatasi nyingine.

Koplo Mussa Mdoe