Taa za Nyuma za Kazemaru Zimeniponza Ukweni

Shikamoo Bi Mboni,

Mshauri wetu mpendwa, naomba uninusuru kabla sijakosa mke kwa sababu ya gari ambalo sina, na ambalo kwa hali ya duka langu la nyavu sitakuwa nalo mpaka nizeeke, maana ukweli ni huo na afadhali niuseme mwenyewe kuliko kuusoma kwenye jibu lako. Naitwa Machibya, nakaa Ilemela, wala usihangaike kulificha jina langu, huku mtaani kila mtu ameshajua.

Mimi ni mwanachama wa kundi la wapenzi wa Kazemaru, Kanda ya Ziwa. Kazemaru, kama hulijui, ni gari la mbio la Kijapani, la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kwenye vilima vyetu vya mawe lingeacha tumbo lake kona ya kwanza tu, na sisi hukutana kila Jumamosi jioni pale tunapooshea magari ufukweni kulijadili. Najua utauliza ni wangapi kati yetu wanalo. Hakuna. Mwenyekiti wetu anaendesha bajaji. Lakini Bi Mboni, si mtu anaweza kupenda mpira bila kumiliki uwanja?

Sasa mwaka huu wenye kiwanda wametoa toleo jipya na wamebadilisha mambo mengi, handbreki ya kuvuta wameitoa wakaweka kitufe, pua wameipanua, bawa la nyuma wamelipunguza, hata mlio wa injini eti nusu yake unatoka kwenye spika mle ndani kama redio, na hayo yote tuliyalilia pamoja tukayasamehe, ila kwenye taa za nyuma ndipo undugu ulipokufa. Za zamani zilikuwa duara, mbili kila upande. Za sasa ni mstari mmoja mwekundu kutoka pembe mpaka pembe. Kundi likagawanyika, kukawa na Duara na Mstari, watu wazima wakaacha kusalimiana, na mimi ni Mstari, nasema wazi, kwa sababu ule mstari unalifanya gari lionekane pana, halafu usiku ukiwa nyuma yake, lakini basi, hayo tuyaache. Kiongozi wa Duara ni rafiki yangu Suhaib, muuza vitambaa mjini, na Suhaib huyohuyo ndiye mshenga wangu.

Usinicheke. Nilimteua kabla toleo jipya halijatoka, tukiwa bado ndugu. Isitoshe ana mdomo, amezaliwa kwenye ukoo wa wafanyabiashara, anaweza kukuuzia koti la baridi saa saba mchana na ukashukuru. Tukavuka na kivuko, mimi, yeye na baba yangu mkubwa, tukaenda Sengerema kwa kina Dorcas kupanga mahari. Utaratibu unaujua, mshenga ndiye anayesema, mimi kazi yangu ni kuinamisha kichwa na kula michembe ya viazi. Tulipokelewa vizuri mno. Shangazi yake, Bernadeta, aliniuliza swali moja tu, "Kijana, umempendea nini mtoto wetu?" nikasema, "Tabia," nikakaa, na kwa kweli niliona nimejibu vizuri. Suhaib akashika usukani, akaongea mpaka wazee wakawa wanacheka, ng'ombe tukaelewana, ikabaki kupanga siku ya harusi. Ndipo akainua macho ukutani.

Kulikuwa na kalenda yenye picha ya Kazemaru, toleo jipya, limepigwa kwa nyuma. Nikamwona Suhaib anavimba shingo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, wapi! "Samahani wazee wangu," akasema, "hii picha kaibandika nani?" Baba mdogo wa Dorcas, mzee Nkwabi, ndiye aliyemlea na ndiye mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani, akatabasamu kwa furaha, akasema, "Ni mimi, kijana wangu. Umeziona taa hizo? Safi sana." Na Suhaib, mbele ya wazee, akiwa ndiye mdomo wangu, akajibu kwamba mtu anayezisifia taa zile hajawahi kujua gari maishani mwake.

Bi Mboni, neno la mshenga si ni neno langu? Yaani mimi, niliyekuja kuomba mke, nimemwambia baba mkwe hajui gari. Nikaona lazima nizime moto, nikasimama, najua muoaji hasimami bila kuulizwa, nikasema mzee yuko sahihi kabisa, mstari ni bora. Nilikusudia kusema hilo tu nikae. Lakini Suhaib akanijibu, na mimi nikamjibu, akaleta habari za heshima ya gari la asili, nikaleta habari za upana, tukabishana mimi na mshenga wangu katikati ya sebule ya wakwe huku baba mkubwa akinivuta shati, mpaka mzee Nkwabi niliyekuwa namtetea akawa anasema, "Basi, basi, inatosha wanangu."

Shangazi Bernadeta akaweka kikombe chini. "Nilikuuliza umempendea nini mtoto wetu," akasema, "ukanipa neno moja ukakaa. Taa za gari umezisimamia mpaka chai imepoa." Akatuambia twende, turudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo swali lake nije nilijibu mimi kwa mdomo wangu, nikishindwa basi, wasimwone mtu yeyote kutoka kwangu tena. Nilipompigia Dorcas alisema tu, "Hata mimi nalisubiri hilo jibu," akakata simu.

Sasa balaa lenyewe, Jumamosi hiyohiyo Kazemaru jipya linaletwa Mwanza kwenye maonyesho, kwa mara ya kwanza, na usiniambie nitaliona siku nyingine, kwa sababu mara pekee niliyowahi kukutana nalo lilikuwa juu ya lori, limefunikwa turubai, nikiwa natoka ibadani Misungwi na Dorcas, nikalifuata mpaka Usagara, liliposimama nikashuka kulipiga picha lile turubai, kurudi kigari changu kikagoma kuwaka, stata mbovu, ikabidi Dorcas ashuke akisukume, na sketi yake ya kanisani, tope mpaka magotini, anacheka, ananiuliza, "Na hilo lililofunikwa nalo huwa linasukumwa?" na mpaka kigari kinawaka lori lilishakata kona kuelekea darajani, kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba taa zenyewe sijawahi kuziona hata mara moja.

Na Suhaib amesema atarudi Sengerema kuomba radhi endapo tu nitaandika kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba Duara ni bora. Siwezi. Nina msimamo. Naomba unishauri, je, niwaombe wakwe wasogeze siku? Je, nitafute mshenga mwingine? Na yule shangazi nimjibu nini? Nimejaribu kutunga jibu kila siku na kila nikianza naishia kwenye "tabia nzuri." Nampenda Dorcas, Bi Mboni, naogopa kumkosa, hata usingizi sina.

Ni mimi niliyebanwa,
Machibya, Ilemela

BI MBONI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Hiyo pole itunze vizuri, nimekupa moja tu.

Kwanza nikupongeze. Watu huvunja posa kwa ulevi, kwa dini, kwa wanawake wa pembeni, kwa uchawi wa kusingiziwa. Wewe umeivunja kwa taa. Tena za nyuma. Tena za gari lililoko Japani. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi nikadhani nimeshasikia kila kitu, kumbe Ilemela mlikuwa mnaniwekea akiba.

Mzee wa watu kabandika kalenda yake, ukutani kwake, aamke aitazame afurahi. Nyinyi mmepanda kivuko, mmevuka ziwa zima, kwenda kumnyang'anya hiyo furaha. Na wewe kinachonishangaza ni kwamba ulikuwa unakubaliana naye! Mtu anamuunga mkono baba mkwe na bado anatolewa nje: hicho si kisirani, mwanangu, hicho ni kipaji. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakuwahi kuwaona nyinyi, mnaogombania jembe la jirani na shamba hamna.

Eti niwaombe wakwe wasogeze siku. Hebu jaribu. Piga simu Sengerema, umwambie shangazi Bernadeta kwamba Jumamosi yake imeingiliana na ugeni, na mgeni mwenyewe ana magurudumu manne. Mimi kishindo chake nitakisikia nikiwa hukuhuku mjini. Kuhusu mshenga, usithubutu kumbadilisha. Ukipeleka sura mpya utakuwa unawaambia wakwe kwamba hata wewe ulikuwa humjui uliyemtuma. Aliyevunja ndiye atakayerudi kuunga.

Kwa hiyo utaandika kwenye kundi kwamba Duara ni bora. Utaandika leo, kabla hujala. Ndiyo, mbele ya wote. Ndiyo, hata mwenyekiti wa bajaji ataona. Utakufa? Hufi. Huo msimamo unaoniambia unao, ulikuwa wapi shangazi alipokuuliza swali la maana? Pale ulikaa. Kisha Suhaib ataenda nawe, atapiga goti kwa mzee Nkwabi, ataomba radhi kwa mdomo wake huohuo mtamu, halafu mtamkalisha kuupa mgongo ukuta wenye kalenda.

Sasa tuje kwenye jibu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta Dorcas. Najua pua ya Kazemaru imepanuliwa. Najua handbreki imekuwa kitufe na injini inalia kwa spika. Dorcas sijui anafanya kazi gani, sijui ni mwembamba au mnene, mpole au mwenye maneno, sijui hata kama anapenda samaki. Nikakasirika. Nilishashika kalamu nikuandikie kwamba mwache binti wa watu apate mtu mwenye macho. Ndipo nikarudi kwenye ile sentensi yako ndefu isiyo na breki, nikafika Usagara.

We mtoto, pale umepita hata hukupunguza mwendo! Ulikuwa unanieleza habari za lori. Binti anatoka ibadani, kavaa sketi yake nzuri, mchumba wake kasimama barabarani anapiga picha turubai, turubai jamani, halafu kigari kinagoma. Anashuka. Anasukuma. Tope mpaka magotini, na anacheka, na bado ana nafasi ya kukutania. Mimi ningekusukuma pia, sikatai, lakini ningekununia mpaka Pasaka. Wanaosukuma huku wamenuna tupo wengi. Anayesukuma anacheka, ukimpata humwachi, na mimi nilipofika hapo nilimpenda yule msichana, nikaumia kwamba nimemwona mimi niliyeko gazetini na wewe uliyekuwa ndani ya gari hukumwona.

Jibu lako ndilo hilo, ulikuwa nalo muda wote. Kwa hiyo Jumamosi vukeni mapema. Shangazi akikuuliza, simama, umsimulie habari ya Usagara yote, stata, sketi, tope, kicheko, na lile swali alilokuuliza Dorcas. Mwambie siku ile ulikuwa unatazama lori, na kwamba unaona aibu. Mwambie ndicho ulichompendea, na hukujua namna ya kukisema. Usiongeze tabia nzuri, usiongeze umbo, usiongeze chochote. Dorcas atakuwa nyuma ya mlango anasikiliza, wanasikilizaga wote, kwa hiyo sema kwa sauti. Halafu kaa chini.

Mzee Nkwabi atakuuliza lori lenyewe lilikuwa limebeba gari gani. Atakuuliza tu, naye ni mgonjwa kama nyinyi. Wewe jibu, "Sikumbuki, baba." Utakuwa umesema uongo ukweni, na Mungu kwa siku hiyo atakuwa upande wako. Na ukirudi, kabla ya kitu kingine chochote, ipeleke ile stata kwa fundi, maana mke hasukumi gari mara mbili.

Sasa na mimi umeniambukiza. Nimetafuta picha, nimeziweka taa zote mbili pembeni kwa pembeni, duara na mstari, nikazitazama kwa muda ambao haumfai mwanamke wa umri wangu. Nina maoni, Machibya. Tena makali. Nimeyameza, na sijafa.