Fainali ya Vinyoya na Upepo wa Saa Tatu

Jumanne, 11 Agosti

Chai, dawa ya macho, kisha daftari. Ukurasa wa nne wa historia ya Kombe la mchezo wa vinyoya. Kamati imeniomba mimi, mwalimu mstaafu, niiandike kwa Kiswahili, kwa kuwa mwaka huu Waafrika wameruhusiwa kushindana. Nimeeleza mwanzo wake: maofisa wa reli, wavu mmoja, raketi nne kutoka Ulaya. Miaka mingi Wazungu peke yao. Halafu Wahindi. Halafu Waarabu wa mjini. Sisi tulikuwa waokota vinyoya.

Kinyoya ndicho mpira wenyewe: kizibo kilichochomekwa manyoya ya bata bukini, chepesi kuliko barua. Upepo kidogo tu hukipotosha. Paa la ukumbi ni bovu, kwa hiyo mechi zinachezwa nje, asubuhi mapema, kabla upepo wa kiangazi haujaamka saa tatu.

Alhamisi, 13 Agosti

Kasiani ameshinda nusu fainali! Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, naye ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Kitete. Mwafrika wa kwanza kufika fainali ya Kombe. Nimepiga makofi hadi viganja vimeuma. Atacheza na Seif, mwana wa mwenye duka la nguo Mtendeni.

Jioni furaha imeingia mchanga. Fainali ni Jumapili, saa kumi na mbili na nusu. Saa moja, asubuhi hiyo hiyo, mtoto wa kwanza wa Kasiani anabatizwa. Mama mkwe wake ametembea siku mbili kuja. Padri anaondoka Jumatatu kwenda vigangoni, makanisa madogo ya vijijini, miezi miwili.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimekwenda kwa katibu wa kamati. Mzungu mwenye adabu, masikio mazito. Fainali haisogezwi, upepo utaharibu mchezo. Asiyefika ameshindwa. Na mkono utakaoandika "hakutokea" ni huu wangu. Nimekasirika. Nimerudi nyumbani Isevya bila kusalimia watu njiani. Aibu kwa mtu mzima.

Kasiani hakulalamika. "Baba mkubwa, Kombe lipo kila mwaka. Mtoto anabatizwa mara moja." Kweli tupu. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Agosti

Seif mwenyewe amekuja kwangu, Kasiani akiwapo. Amemwambia katibu kwamba naye hatatokea asubuhi. Wakikosekana wote wawili, Kombe apewe nani? Katibu amekubali saa nne, upepo uwepo usiwepo.

"Kombe la kuokota silitaki," alimwambia Kasiani. "Baba atanicheka mbele ya wateja. Wewe kabatize mwanao, halafu uje nikubatize kwa vumbi."

"Njoo na kanzu mbili," Kasiani akamjibu. "Moja ya kuvaa, moja ya kutandika utakapoanguka."

Nimecheka mpaka nikakohoa.

Jumapili, 16 Agosti

Mtoto anaitwa Yakobo. Hakulia.

Kisha uwanjani. Nilipewa mstari wa nyuma, niamue kinyoya kimeangukia ndani au nje. Upepo! Kinachopigwa mashariki kinakwenda magharibi. Wakakubaliana kubadilishana pande kila baada ya pointi tano, asionewe mtu. Mama mkwe hajui mchezo. Akawashangilia wote wawili. Kila mmoja akashinda seti moja. Ya tatu, kumi na nne kwa kumi na mbili, Seif mbele, akianzisha, pointi moja tu amalize. Kasiani akarudisha juu sana. Kinyoya kikapaa, kikasita, kikashuka miguuni pangu. Nje ya chokaa, upana wa kidole.

Uwanja mzima ukaniangalia. Nikanyoosha mikono. Nje.

Jumatatu, 17 Agosti

Hakuna upepo leo. Nimeandika ukurasa wa mwisho: Seif bingwa, Kasiani wa pili. Wameshapanga kufanya mazoezi pamoja, kila Jumanne.

Kasiani alipita baada ya zamu. Tulikula ugali. Katikati ya chakula akauliza, "Baba mkubwa, kweli kilitoka?"

"Kilitoka."

"Basi," akasema, akasogeza bakuli nimwongezee mchuzi.