Jeti ya Baba Amoit Haijinyooshi Yenyewe

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haishuki, jua halitoki. Mahindi yameshavunwa huku kwetu Moding, mashamba yamebaki mabua matupu, na upepo umetulia kama mtoto aliyekemewa. Siku nzuri ya kurusha ndege. Ndivyo marehemu angesema.

Mimi sikuona uzuri wala ubaya. Niliamka, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasali. Maneno yalitoka moja moja kama mahindi makavu yakipukuchuliwa. Yote yalikuwepo, hakuna lililonigusa. Nikapika chai, nikanywa, na hadi sasa sijui kama niliweka sukari.

Mnaosoma shajara yangu hapa mtandaoni mnajua kwamba tangu tumzike Baba Amoit sijalia. Watu wa jumuiya yetu wanasema nina imani kubwa. Wacha niseme ukweli: si imani, ni ganzi. Ni kama ule mguu unaoukalia vibaya kanisani wakati mahubiri yamekuwa marefu. Unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa jirani.

Kwa wageni: Baba Amoit, mume wangu, alikuwa fundi wa redio pale Malaba, mpakani na Uganda, kibanda chake kikitazama foleni ya malori. Madereva walimletea redio zilizokufa, naye usiku na mchana alikuwa anawaza ndege. Si za abiria. Hizi ndogo, za rimoti. Ya kwanza aliitengeneza kwa fomu, ile nyeupe nyepesi iliyokuja imefunga friji ya mtu. Tuliiita treina, ile ya kujifunzia. Bawa lake liko juu, pana, limefungwa kwa mipira, na panga linazunguka puani. Kazi yangu ilikuwa kuifuata ikianguka kwenye mihogo ya watu na kuomba msamaha. Siku moja akanishikisha rimoti. "Mama Amoit, sasa na wewe uwasumbue, mimi niombe msamaha."

Akanifundisha jambo moja kuliko yote. Ukichanganyikiwa, usipigane nayo. Achia vijiti. Itajinyoosha yenyewe.

Na kweli ilijinyoosha. Mara ngapi nimeipeleka vibaya, imelala ubavu, sijui kulia wala kushoto, nikaachia vidole, na ile ndege ikarudi sawa kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Halafu akaanza jeti.

Alipima kila kitu kwa picha, akapunguza, akakata. Ndege ya kivita, kijivu, mabawa mafupi yamevutwa nyuma, midomo miwili ubavuni ya kuvuta hewa, na feni imefichwa tumboni. Hata misumari ya bati aliichora kwa kalamu, nukta kwa nukta. Rubani alimchonga kwa soli ya ndara, akampaka masharubu. Magurudumu hakuweka, kwa sababu alijua viwanja vyetu. Alisema itarushwa kwa blada, ile mipira ya tyubu ya kufungia mizigo kwa pikipiki, na itatua kwa tumbo.

Rangi ilipokauka, yeye akalazwa. Hakurudi.

Baada ya mazishi, siku ya kugawa vitu vya marehemu, ndugu zake walikaa uani. Koti likaenda, baiskeli ikaenda, viatu vikapata mguu. Jeti ikabaki juu ya meza, hakuna anayeitazama machoni. Shemeji yangu Etyang, mdogo wake marehemu, ambaye pia ni katekista wetu, akakohoa kidogo, akasema, "Hii ya vita ibaki na jeshi lake," akininyooshea kidole. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu wakati mwingine mtu anacheka ili watu waende nyumbani.

Nikaitundika kwenye paa la sebule. Imekaa hapo pua ikiangalia mlango.

Aliyenisumbua ni Ouma. Ouma analeta samaki kutoka Port Victoria, na ndiye mtu pekee huku aliyekuwa anarusha ndege pamoja na mume wangu. Juzi aliingia, akainua macho, akasema, "Shemeji, usipoirusha wewe, panya watairusha." Nikaangalia. Kweli bawa moja lilikuwa na alama za meno.

Hapo ndipo nilipo, shajara yangu. Nikiiacha, panya. Nikiirusha na ianguke, hakuna nyingine. Mikono iliyoikata iko chini ya udongo, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Nilipaswa kuogopa. Nilikaa nikisubiri woga uje, haukuja. Nikamwambia Ouma sawa, Jumamosi.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana lilianzia mezani wala si hewani.

Treina unaibeba tu, unaitupa, inaenda. Jeti inataka mizani. Marehemu alitia nukta mbili chini ya mabawa. Unaweka ncha za vidole hapo, unainua, na ndege ikae sawa, isiiname mbele wala nyuma. Tulipoinua, mkia ukaanguka. Pua ilitaka uzito. Ouma alikuwa amejiandaa, akatoa mfukoni risasi za nyavu, zile wavuvi wanazofunga ili wavu uzame. "Hizi zinatosha, nazibandika ndani ya pua, kwisha."

Nikasema hapana, uzito ninao.

Marehemu aliacha rozari kubwa, ya mbegu, na msalaba aliouyeyusha mwenyewe kutoka kwa koki ya shaba. Ni nzito, ukiivaa shingo inajua. Nilifikiri, kama yeye hakuirusha, angalau rozari yake iende. Nikaiviringisha kwa kitambaa cha mkono, nikaiweka puani, nikainua kwa vidole. Ndege ikakaa sawa kabisa. Nikaona hii ni ishara.

Ouma akaona kitu kingine. "Basi niipige selotepu isitembee."

Nikamkataza. Rozari iliyobarikiwa haifungwi selotepu kama waya wa redio. Unaiweka kwa heshima, kwa kitambaa safi. Ouma akanitazama kama mtu anayetaka kubishana na mjane na anajua hatashinda. Akafunga kifuniko.

Tulienda kwenye shamba la Etyang, lile refu. Chifu alisharuhusu, alichosema ni tusivuke upande wa pili wa mpaka. "Ikivuka," Ouma akasema, "itagongwa muhuri wapi? Kwa bawa?" Majirani walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa shamba, na mama mmoja anayeuza nyanya akaniuliza, "Mama Amoit, tumekosana na Uganda lini na hatukuambiwa?"

Etyang akaja na kanzu yake na chupa ya maji ya baraka. Huku hata pikipiki mpya haitoki bila maji. Akasali vizuri, kwa Kiswahili na Kiteso, akamtaja kaka yake kwa jina la ubatizo. Kisha akaanza kunyunyiza kwa mkono usio na ubahili. Ouma akavua kofia mbio na kuziba midomo ya jeti. "Katekista, mabawa! Mabawa! Injini usiinyweshe!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti, nikiwaona kama walio nyuma ya kioo cha basi.

Ouma akaikaza jeti kwenye blada, akaivuta nyuma hadi mwisho. Akaachia.

Jeti ilitoka kama jiwe la teo. Feni ikapiga mluzi, sauti kama posho mill, mashine ya kusaga mahindi, inapoanza, na kwa pumzi moja niliona ni nzuri. Halafu pua ikaanza kupanda. Sikuiambia ipande. Ikapanda, ikapanda, mwendo ukaisha, ikasimama angani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Bawa la kushoto likaanguka.

Nikafanya nilichofundishwa.

Nikaachia vijiti.

Nataka niandike hili polepole. Niliitazama ikiporomoka, na ndani yangu kulikuwa kimya. Nikawaza tu, itajinyoosha. Haikujinyoosha. Jeti haina tabia hiyo, mabawa yake hayajui njia ya nyumbani, inaenda pale ilipoelekezwa na kama ni chini ni chini. Nikamwona rubani wa ndara na masharubu yake akielekea kwenye mabua. Nikasikia Ouma akipiga kelele, "Shika! Mama Amoit, shika!"

Sijui nani alishika. Vidole vyangu vilishika kabla yangu. Nikasukuma pua chini zaidi, jambo ambalo roho yote inakataa, nikatia mafuta yote. Tunasema mafuta ingawa ni betri. Na hapo pia si kama treina, ambayo ukiiambia inaitika. Feni inafikiria kwanza. Nikangoja ikifikiria na ardhi inakuja. Kisha ikavuta, na nikainyanyua, na ikapita juu ya mabua chini sana hata yule mama wa nyanya akalala kifudifudi.

Iliruka. Ikazunguka shamba lote, mizunguko yake mikubwa, ikapita juu ya kanisa na kurudi. Lakini kila nilipolegeza kidole, pua ilipanda tena kutaka kuanguka. Ilibidi nikisukume kijiti mbele muda wote. Hakuna kupumzika hata nukta. Kidole gumba kikaanza kuuma, uchungu ukapanda hadi kwenye kiwiko, mabega yakauma, jasho likaingia machoni na sikuweza kulifuta.

Nikagundua nasema Salamu Maria. Kwa sauti. Na haikuwa mahindi yanayopukuchuliwa, nilikuwa naomba.

Nilikuwa naogopa.

Nilishuka nayo kwa kasi kuliko inavyofaa, maana nikipunguza inataka kukaa chini kama mbwa. Ikagusa mabua, ikateleza kwa tumbo, ikageuka, ikatulia. Etyang alikimbia na kanzu yake ameipandisha magotini, akafika kabla ya vijana. Nilipofika alikuwa amepiga magoti hapo, mkono juu ya ile ndege, hajaiinua. Yeye yule aliyesema ibaki na jeshi lake. Akaniambia bila kunitazama, "Iko nzima, shemeji. Pua tu."

Pua ilikuwa imepasuka, ufa wa kuzibika kwa gundi.

Ouma akafungua kifuniko. Rozari haikuwa puani. Ile nguvu ya blada ilikuwa imeirudisha nyuma yote, na kitambaa chake, ikapita betri, ikaenda kukwama kwenye ukuta wa feni. Uzito niliouweka mbele ulikuwa umekaa nyuma. Kidogo zaidi na shanga zingeingia kwenye mapanga ya feni.

Nikangoja Ouma aseme si nilikuambia. Alikuwa na haki. Akaitoa ile rozari, akaipangusa kwenye shati, akanipa kwa mikono miwili.

"Huyu mzee," akasema, "hata kanisani hakuwahi kukubali kukaa viti vya mbele."

Ni kweli! Miaka yote, Baba Amoit na benchi la mwisho karibu na mlango, na Etyang kule mbele akimwashiria asogee, na yeye akijifanya haoni. Etyang akaanza kucheka akiwa bado amepiga magoti. Nikacheka. Safari hii sikucheka ili mtu aende nyumbani. Nilicheka hadi tumbo likaniuma. Machozi hayakutoka. Karibu, lakini hayakutoka. Sitadanganya.

Sasa ni jioni. Jeti iko mezani, pua imefungwa kwa uzi ikingoja gundi. Rozari nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Nimefikiri, ile si uzito wa ndege. Ni ya kushikwa mkononi. Puani nitabandika risasi za Ouma, na selotepu nyingi, bila kumwomba mtu samahani.

Nimefikiri pia juu ya lile somo la treina. Halikuwa la uongo. Lilikuwa la treina. Miezi hii nimekaa nimeachia vijiti nikingoja nijinyooshe, na watu wakiniita mwenye imani. Sijui. Ganzi bado ipo, naisikia imekaa pembeni kama mgeni asiyeaga. Kidole gumba tu ndicho kinauma, na ninakiangalia kila mara.

Ouma aliniachia samaki mmoja mkubwa, aliyekaushwa. Nimemchemsha na nyanya, nikasonga ugali, nikakaa peke yangu chini ya ndoano tupu ilipokuwa inaning'inia ndege. Nikamega, nikaweka mdomoni.

Chumvi imezidi.

Nimeacha kumega, nikakaa nayo hiyo chumvi kwenye ulimi. Imezidi sana. Nilisahau kwamba samaki aliyekaushwa huja na chumvi yake, nami nikaongeza. Nimekula wote, nikanywa na maji vikombe sijui vingapi.

Kukicha, gundi. Halafu kanisani, na nadhani nitakaa benchi la nyuma.