Kinanda Kilichokutoa Kikundini

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Najua hutaiitikia, lakini sijui kukuandikia bila kuanza nayo.

Jana alinijia mpiga kinanda kutoka Mtwapa. Anataka kununua chake, akaniuliza atazame nini kwanza. Nikamwambia kitumie betri, maana harusi nyingi za mashamba hazina umeme. Kiwe na kitufe cha kushusha sauti, mwimbaji asijikaze koo. Kidole kimoja cha kushoto kikibonyeza, vyombo vingine viitike.

"Na midundo?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokupoteza.

Unakumbuka mwaka wa themanini na nne, kilipoingia kinanda changu nyumbani kwetu Shela? Uliweka sikio kwenye spika, midundo ikijipiga yenyewe, ukacheka: "Mpigaji huyu hachoki, wala hali pilau!" Kisha ukachukua ngoma yako ya dumbaki, ukapiga nacho mpaka adhuhuri.

Halafu ikaja harusi ya Mambrui. Mwimbaji wetu Bi Rukia alivuta neno, nawe ukapunguza mwendo kumngoja, kama ulivyomngoja miaka yote. Kinanda hakikungoja. Wimbo ukavurugika, watu wakageuka kututazama. Kuzima midundo ilikuwa kazi ya kidole kimoja tu, kaka. Badala yake nikakuinamia nikasema, "Pumzika. Mashine inatosha."

Uliilaza dumbaki mapajani ukakaa pale pale hadi mwisho, ukiwachekea wageni ili nisiaibike. Wiki haikwisha, ukahamia Kilifi kubangua korosho.

Nilipopata habari kwamba u mgonjwa, nilikuja. Ulikuwa umekonda, macho tu ndiyo yako. Ukaniuliza, "Kinanda kizima?"

"Kizima, kaka."

Nilitaka kukuomba radhi. Shemeji akaingia na uji, nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake alasiri tulikuzika.

Kikundi kimevunjika. Bi Rukia ameolewa Lamu. Mimi napiga peke yangu katika hoteli moja ya Watamu, wageni wakila chakula cha mchana. Ngoma, besi, fidla, vyote vinatoka mle ndani, na hakuna anayekosea. Sina wa kumtazama wimbo ukikaribia kwisha. Siku nyingine napunguza mwendo makusudi, mkono wangu unabaki nyuma peke yake, na wageni wanaendelea kula.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali shemeji. Katika mazungumzo akasema, "Kaka yako alikuwa akikusifu sana. Aliniambia aliacha ngoma kwa sababu mikono ilikuwa ikimuuma."

Kumbe hukumwambia! Ulilala naye nyumba moja miaka yote ile, ukanisitiri mpaka ukaingia kaburini.

Ijumaa baada ya sala nakwenda tena Kilifi. Nitamweleza mwenyewe nilichokwambia Mambrui, mbele ya wanao. Wakinifukuza, nitaondoka.

Mungu akulaze pema, kaka.

Mdogo wako,
Omari