Chipukizi la Chini ya Kovu

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Magoti yanasemaje na baridi ya huko Kasulu? Mimi huku Bujumbura ni mzima, ninakula na kazi bado ninayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningesikia unavyofurahi, nikanyamaza tena.

Unajua shamba hili la Ruziba lilikuwa ghala la miparachichi ya kila namna, mti mmoja kwa kila aina, tuliyoikusanya milimani: yenye matunda meusi, yenye matunda ya shingo ndefu, na ile isiyougua mizizi. Mti wako ulikuwa karibu na kisima. Niliubebesha mwenyewe: niliunga juu ya mche wa huku kijiti cha mti wa marehemu baba nilichotoka nacho nyumbani, kabla kaka hajaukata ajenge pale kibanda chake cha duka. Ukabaki huu peke yake, unaozaa kiangazi wakati mingine yote imelala.

Sasa shamba limepata mwenyewe mpya, bwana mmoja wa Kinindo tunayemwita Patron. Alishuka garini, injini hata hakuizima.

"Wateja wanataka avoka ya namna moya tu. Ile ingine yote mukate."

Nikamwomba muda nibebeshe miche ya akiba, akacheka. Nikamwambia ule wa kisimani ni wa mama yangu.

"Mama yako iko hapa? Apana. Basi tuanze na ule."

Msumeno nilikuwa nao mimi. Akasimama pale mpaka nilipouangusha mti, akaagiza matawi yachomwe yote. Nilimchukia mtu yule, mama, na bado namchukia. Ugonjwa wa mizizi ukiingia, miti yake ya namna moja itakufa pamoja, na mimi sitatoa chozi.

Kisha kisiki kikachipua. Djuma, fundi wetu wa pampu, akakata vijiti, akavifunga kwenye kitambaa chenye maji na kumpa dereva wa basi akuletee. Hakuniuliza.

"Mi nimeona iko naota tena," aliniambia, "nikasema maman atafurahi."

Na kweli umefurahi. Umevibebesha, kimoja kimeshika, na dada anasema kila asubuhi unakiombea.

Mama, ule wa baba ulitokana na kokwa. Popote ungekatwa ungechipua ule ule. Huu wa huku ulibebeshwa. Kisiki kimechipua chini ya kovu, pale nilipokiunga kijiti, na chini ya kovu hakuna kitu chako. Ni kokwa niliyoiokota kwenye taka za muuza juisi kule mtaa wa Asiatique. Hiyo ndiyo unayoimwagilia maji.

Ung'oe. Ukiuacha, siku nitakayorudi utanikatia tunda lake mbele ya watu, nami sitaweza kulisifu.

Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mjomba fundi cherehani. Dada anayekusomea asiruke mstari hata mmoja. Kaka sina salamu zake. Mwambieni tu kwamba kile kibanda ndicho kilichobaki cha baba.

Mwanao,
Elia