Lipstiki ya Gumegume

Chepngetich, uko? Keti kwanza.

Mume wangu Ogutu alikuwa gereji, anaingiza mtutu wa ile bunduki yake ya gumegume, ile ya kizamani ya kuwashwa kwa jiwe, kwenye kitako cha mbao. Anaupaka lipstiki, anaubonyeza, kisha anachonga kila mahali mbao iliposhika rangi, ili mtutu ukae sawasawa.

Akaja jikoni kunywa maji, amejifuta jasho kwa mkono wenye lipstiki, shingo nyekundu! Mama yangu, aliyekuja juzi kutoka Siaya, akamwona.

"Ogutu, mwanamke ni nani?"

MWANAMKE NI NANI! Anamuuliza mkwe wake!

Ogutu akakimbia kuleta mtutu uwe ushahidi. Kuona mtutu wa bunduki, mama akajifungia chooni.

Nilimbembeleza mpaka akachungulia. Ogutu akamwonyesha ile lipstiki, kwa heshima zote.

Walai, mama akaichukua, akaigeuza: "Hiyo ni yangu. Ya kwendea kanisani."

Sasa aliyejifungia chooni ni Ogutu.